Anayemchagulia Mchongaji Mahali: Münster, Salisbury, Dar es Salaam

Katikati ya miaka ya sabini wakazi wengi wa Münster, Ujerumani, waliikataa sanamu ya George Rickey, miraba mitatu inayozungushwa na upepo. Klaus Bussmann, wa makumbusho ya huko, hakuwabeza. Aliandaa mihadhara juu ya uchongaji wa kisasa, kisha akamwita Kaspar König, aliyekwisha kuandaa maonyesho ya Claes Oldenburg jijini Stockholm mwaka 1966 akiwa bado kijana mbichi. Mwaka 1977 wawili hao walifungua maonyesho ya sanamu mjini, na tangu hapo yamekuwa yakirudi kila baada ya miaka kumi.

Miaka kumi! Hapo ndipo ninapouona ukubwa wa König, aliyefariki mwaka 2024. Picha hutundikwa na kuteremshwa. Sanamu hudai ardhi, na humzuia mpita njia. König aliwaalika wasanii waje, wazunguke mji kwa miguu, wachague wenyewe pa kuweka kazi zao. Oldenburg aliacha mipira mitatu mikubwa ya zege kando ya ziwa Aasee. Wanafunzi waliokasirika walijaribu kuisukumia majini, lakini mipira ipo hadi leo na wenyeji wameizoea. Michael Asher yeye alileta karavani ya kawaida tu, ikawa inahamishwa kila wiki kutoka mtaa hadi mtaa. Alirudia hivyo hivyo, mahali pale pale, mwaka 1987, 1997 na 2007, na pale palipokuwa pamejengwa, karavani ilifungiwa ghalani wiki hiyo. Ni mratibu mwenye subira pekee angeruhusu kazi ya aina hiyo.

Frank McEwen alifanya kazi katika mazingira magumu zaidi. Alitoka Paris akaja Salisbury, Harare ya leo, kuongoza jumba la sanaa la taifa lililofunguliwa mwaka 1957 katika nchi iliyotawaliwa na walowezi. Humo akaanzisha karakana ya Waafrika, akina Thomas Mukarobgwa. Joram Mariga, bwana shamba wa Nyanga, alikuwa akichonga mawe, na McEwen akamtia moyo. Mwaka 1971 sanamu za mawe za Rhodesia zilionyeshwa katika makumbusho ya Rodin, Paris. Miaka miwili baadaye, akiwa amechoshwa na shinikizo la utawala wa walowezi ulioongozwa na Ian Smith, McEwen aliondoka.

Ujasiri wake naustahi sana. Ila alishikilia kwamba sanaa ile ni ya Kishona, imechipuka kutoka katika mizimu na simulizi za kabila moja, na soko likalipenda jina hilo. Kule Tengenenge, kwenye shamba la tumbaku la Tom Blomefield, walichonga watu wa Malawi, Angola, Zambia na Msumbiji, na wao pia wakauzwa kwa jina la Kishona. König aliwaacha wasanii wajitaje. McEwen aliwataja yeye.

Dar es Salaam ya miaka ya hamsini haikuwa na jumba la namna hiyo. Ilikuwa na mfanyabiashara, Mohamed Peera, aliyenunua vinyago vya Wamakonde waliovuka Ruvuma, wengi wao wakifuata kazi za mashamba ya mkonge. Kwa Peera ndiko Samaki Likankoa alikopeleka shetani wake wa mpingo, kiumbe asiyefanana na chochote kilichozoeleka. Peera alikipenda kinyago hicho, akataka vingine, na wachongaji wengine wakafuata njia hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya mratibu halisi: kutambua jambo jipya na kulipa nafasi kabla wanunuzi hawajazoea kulitazama. Biashara lakini haitunzi kumbukumbu. Mgeni wa Münster hupewa ramani inayomwonyesha jina la msanii, mwaka na mahali pa kila sanamu iliyobaki mjini, ilhali vinyago vingi vilivyotoka Dar es Salaam miaka ile vimekaa katika makabati ya Ulaya na kibandiko kimoja tu: Makonde. Wapo wazee wa mpingo ambao wakionyeshwa picha bado wanaweza kumtambua aliyechonga kwa mkato wa patasi yake, na mratibu kijana wa Tanzania anayetafuta kazi ya maisha angeanza kwa kuwapelekea picha hizo mwaka huu.