Kutoka Mlango wa Kanisa hadi Kiti cha Basi



Upofu ni wa kale kama wanadamu wenyewe, lakini fimbo nyeupe ina umri wa miaka 100 na ushei tu. Kati ya hayo mawili imo historia ndefu ya mahali ambapo jamii ilimweka kipofu. Kwa karne nyingi mahali pake palikuwa mlangoni: mlango wa kanisa, mlango wa soko, mlango wa tajiri. Leo tunamkuta ndani ya basi, amelipa nauli yake, anakwenda kazini, kwa jamaa zake au Misani. Yeye ametoka mlangoni. Tujiulize kama sisi, abiria wenzake tusiomjua, tumetoka pamoja naye.

Tuanze na huruma ya zamani. Karibu na mwaka 1260 Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa, ambaye Kanisa linamheshimu kama mtakatifu, alianzisha mjini Paris nyumba ya vipofu 300. Iliitwa Quinze-Vingts, maana yake ishirini mara kumi na tano, kwa kufuata hesabu ya watu hao. Humo walipata makao na maisha ya kidugu. Tena waliruhusiwa kuomba sadaka mjini. Kwa nyakati zile lilikuwa jambo jema, kwa sababu wengi wasingepata hata hilo. Lakini liliimarisha wazo moja mioyoni mwa watu: kipofu hukaa, mwenye kuona hupita, kipofu hupokea, mwenye kuona hutoa.

Miaka 500 baadaye wazo hilo lilikuwa bado hai. Mwaka 1771, katika gulio la Saint-Ovide mjini Paris, vipofu walivikwa masikio ya punda na miwani mikubwa ya karatasi, wakapiga vinanda huku umati ukicheka. Miongoni mwa waliotazama alikuwamo Valentin Haüy, naye hakucheka. Mwaka 1784 alikutana na kijana kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiomba mlangoni mwa kanisa. Husimuliwa kwamba Haüy alimpa sarafu, na kijana akamwita ili amrudishie, kwani vidole vyake vilitambua kwamba imezidi sadaka ya kawaida. Haüy akaona kwamba vidole vinavyosoma fedha vinaweza kusoma herufi. Ndipo ilipoanza shule ya vipofu ya Paris, ile iliyompokea mwaka 1819 mtoto wa miaka 10, Louis Braille, ambaye mwaka 1829 alitangaza maandishi yake ya nukta.

Kusoma kulimtoa kipofu mlangoni. Lakini alipofika barabarani alikuta hatari mpya, yaani motokari. Mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha wa mji wa Bristol nchini Uingereza aliyepofuka kwa ajali, alipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwezi wa Novemba 1930 mwanamke wa Paris, Guilly d'Herbemont, aliliandikia gazeti la L'Écho de Paris akipendekeza vipofu wapewe fimbo nyeupe, mfano wa zile za polisi waliosimamisha magari. Tarehe 7 Februari 1931 fimbo za kwanza zilikabidhiwa mbele ya mawaziri. Huko Marekani, mji wa Peoria ulikuwa umekwisha kupitisha, Desemba 1930, kanuni ya kumpisha kipofu mwenye fimbo nyeupe.

Tuliangalie vizuri jambo hili. Rangi ile haikuwekwa kwa ajili ya mwenye kushika fimbo, kwa maana yeye haioni. Iliwekwa kwa ajili yetu. Fimbo nyeupe ilikuwa neno lililoelekezwa kwa watu wasiojulikana, nalo lilisema: "Mimi ni msafiri, niko njiani, nipisheni." Haikusema: "Nichukueni."

Mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge nchini Marekani, Richard Hoover aliyekuwa akiwafundisha askari waliopofuka vitani aliiongezea fimbo kazi ya pili. Aliirefusha, akaifanya nyepesi, na akawafundisha kuipitisha kushoto na kulia ili ipime ardhi hatua moja mbele ya mguu. Tangu hapo fimbo ni neno kwa wengine, na ni jicho kwa mwenyewe. Anayeidaka na kuivuta, hata kwa nia njema, amemfumba macho mwenzake mara ya pili.

Afrika yetu nayo ilishika njia hiyo. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu Thika mwaka 1946, nchini Kenya, jamhuri ile, si komini yetu. Waanglikana walifungua ya Buigiri karibu na Dodoma mwaka 1950, na Wakatoliki ya Madera, Soroti, nchini Uganda, mwaka 1955. Aliyesoma hatakubali kukaa tu; atataka kwenda, na kwenda ni kupanda gari pamoja na watu asiowajua.

Mji wetu wenyewe ulizaliwa pamoja na safari. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Leo wengi wetu wa komini ya Kenya tunasafiri kwa basi ndogo. Haliondoki mpaka lijae, na njia yake hutangazwa kwa mdomo. Kwa kipofu, sauti ya yule anayeita abiria ndiyo kibao cha njia; muziki ukipigwa kwa nguvu kituoni, kibao hicho kimefutwa.

Aliyepanda basi hapa kwetu amekwisha kuona yanayofuata. Mmoja anamshika kipofu mkono bila neno na kumsukuma ndani, hata kama gari hilo silo lake. Mwingine anamuuliza mtoto aliyefuatana naye: "Baba huyu anashukia wapi?" kana kwamba baba hana kinywa. Mtoza nauli anamrudishia noti zilizochakaa, ambazo vidole haviwezi kuzitambua kama vile vya Lesueur vilivyoitambua sarafu. Hapo mtu huyo anategemea uaminifu wa jirani wa kiti. Lakini wapo pia wanaosema kwa utulivu: "Baba, gari hili linakwenda Katuba. Wewe unakwenda wapi?" Hao wamekwisha kutoka mlangoni.

Nchi yetu imeweka sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, na tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Tunashukuru. Hata hivyo, ndani ya basi sheria haina mikono. Mikono ni yetu.

Injili ya Marko, sura ya 10, inatupa kielelezo. Bartimayo alikuwa ameketi kando ya njia, nje ya Yeriko, akiomba. Umati ulitaka anyamaze. Yezu alimwita, na kabla ya kumtendea lolote akamuuliza anataka atendewe nini. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu, lakini Yezu hakumwamulia haja yake. Na mwisho wa habari ile, aliyekuwa ameketi kando anaonekana akitembea njiani pamoja na wengine.

Basi tujifunze adabu ya njiani. Tuseme kwanza, ndipo tuguse. Tujitambulishe, tuulize kama msaada unahitajika, na jibu likiwa "hapana", tulipokee bila kununa. Likiwa "ndiyo", tumpe mkono wetu aushike yeye, badala ya kumkamata wa kwake. Tumtajie kituo kabla ya kufika. Fedha zikirudishwa, tuzihesabu kwa sauti, noti moja moja, mkononi mwake. Tusimlipie nauli bila kumuuliza, maana aliyeitoa nauli yake mfukoni ametuonyesha kwamba yeye ni abiria.

Tarehe 15 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Fimbo Nyeupe, nayo ilianza kwa tangazo la Rais Johnson wa Marekani mwaka 1964. Jumuiya zetu zaweza kuitumia kuwaalika wenzetu wasioona watufundishe wenyewe namna wanavyopenda kusaidiwa. Kwa siku hiyo wao wawe walimu, sisi tuketi.