Silaha na Kujihami katika Ugogo wa Kale

Katika karne ya 19, jamii za nyanda za kati hazikuwa na namna moja ya kupigana. Wamasai waliposhambulia walitegemea mkuki mrefu, ngao na wepesi wa miguu. Wahehe walipenda kuvizia porini na kumkaribia adui, asipate nafasi ya kujaza bunduki tena. Ndivyo watu wa Mtwa Mkwawa walivyolishinda jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891.

Wagogo nao walikuwa na mikuki na marungu, lakini kinga yao kubwa ilikuwa tembe: nyumba yenye paa bapa la udongo, iliyouzunguka uwanja wa mifugo. Tena maji yalikuwa mikononi mwao. Msafara uliokataa kulipa hongo ulijitafutia kiu.

Basi ubora wa silaha hupimwa kwa mahali na kwa adui. Mkwawa yuleyule alipojihami nyuma ya ukuta wa Kalenga mwaka 1894, Wajerumani waliupiga kwa mizinga wakauteka mji. Ukuta uwezao kuzuia mkuki hauzuii mzinga.