Mchoro Uliowatoa Watu Shaka

Tarehe 16 Agosti 1858 Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea salamu Rais James Buchanan wa Marekani. Salamu hizo hazikuchukuliwa na meli, bali zilipita katika waya uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki, toka Ireland hata Newfoundland. Maneno yake hayakutimia mia moja, lakini yalichukua saa 16 hivi kufika. Alama zilifika zimefifia na kuvurugika, na makarani wa pande zote mbili wakawa hawana budi kuzirudiarudia. Msimamizi wa mitambo, Wildman Whitehouse, alidhani kwamba dawa yake ni kuongeza nguvu. Akapitisha umeme wa volti 2,000 hivi, na baada ya majuma machache waya ukafa kabisa. Naam, kupaza sauti si kusikilizana.

Kosa la Whitehouse lina fundisho kubwa. Alikuwa na rai, lakini hakuwa na njia ya kuijaribu ila kwa kuhatarisha waya wenyewe, uliogharimu mali nyingi na taabu nyingi. Insha hii yaeleza jinsi wanadamu walivyopata njia ya kujaribu pasipo kuharibu.

Siku zetu hizi habari nyingi, zikiwa ni sauti, maandishi au picha, hupelekwa kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kila tarakimu huitwa biti. Njiani biti hukutana na kelele, yaani vurugu za umeme zisizokoma, na mara nyingine sifuri hufika ikasomwa kuwa moja. Swali la mhandisi basi ni hili: katika biti nilizopeleka, ngapi zimefika zimegeuka?

Mwaka wa 1948 Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alitoa jibu lililowashangaza wengi. Kabla yake watu walidhani kwamba atakaye kupunguza makosa hana budi kwenda polepole zaidi na zaidi. Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba kila njia ya habari ina mpaka wake wa mwendo. Maadamu hukuuvuka mpaka huo, waweza kupunguza makosa kadiri upendavyo, ukizipanga biti zako kwa ufundi. Lakini ufundi wenyewe hakuuonyesha. Aliwaambia watu kuwa hazina ipo, asiwape ramani.

Ili uelewe ugumu wa jambo hili, msomaji, chukua dadu. Andika biti moja, kisha tupa dadu. Ikitokea sita, hesabu kwamba biti imegeuka. Kwa muda mrefu utapata kosa 1 katika kila biti 6, yaani makosa 36 katika 216. Sasa ipeleke kila biti mara tatu, ukitupa dadu kila mara, na mpokeaji afuate zile zilizo nyingi. Makosa yatashuka mpaka 16 katika 216. Umefaulu, lakini umelipa gharama: kazi ya siku moja imekuwa ya siku tatu. Katika maabara ile ile ya Bell, Richard Hamming alipata njia bora zaidi, akaitangaza mwaka wa 1950. Kwa kila biti 4 za habari aliongeza 3 tu za ulinzi, na kosa moja likitokea katika hizo 7, lilijulikana mahali pake likasahihishwa.

Angalia kwamba kwa ile dadu umekwisha fanya jambo kubwa. Hukulaza waya wala hukusimamisha mnara. Umeiiga kelele, ukahesabu. Mwaka wa 1946 Stanislaw Ulam, alipokuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa, alicheza karata peke yake, akawaza kwamba mambo yaliyo magumu kuhesabiwa yaweza kujulikana kwa kuyachezesha mara nyingi na kuangalia matokeo. Yeye na John von Neumann wakaifanya bahati nasibu kuwa chombo cha elimu, wakiitumia kompyuta mahali pa karata.

Mwaka wa 1961 wahandisi watatu wa Bell, Kelly, Lochbaum na Vyssotsky, walieleza programu iliyoweza kusoma mpango wa mitambo uliotajwa sanduku kwa sanduku, ikaugeuza kuwa kazi ya kompyuta. Baadaye zikaja kompyuta zenye vioo, na mhandisi akaweza kuyachora masanduku hayo mbele ya macho yake na kuyaunganisha kwa mistari. Simulink ilienea katika miaka ya 1990, na GNU Radio ilianzishwa mwaka wa 2001. Sanduku la kwanza hutoa biti, la pili huzipeleka, la tatu huzitia kelele, la nne huzipokea, na la mwisho hulinganisha zilizotoka na zilizofika, likahesabu makosa. Matokeo huchorwa katika grafu, ambayo mstari wake hushuka mithili ya maporomoko ya maji. Kwa namna iliyo rahisi ya kupeleka habari, isiyo na ulinzi wowote, nguvu ya biti ikiwa sawa na kipimo cha kelele, makosa ni 79 hivi katika biti 1,000. Nguvu ikiwa mara 4, ni 2 hivi katika 1,000. Ikiwa mara 9, ni 1 hivi katika 100,000.

Lakini kazi hii yataka subira. Aonaye kosa moja tu katika biti 100,000 hajajua kitu, kwani huenda ni bahati. Ni desturi njema kungoja mpaka yapatikane makosa kama 100, na kwa kiwango hicho ni lazima kupitisha biti milioni 10. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida ya subira hiyo ilidhihirika mwaka wa 1993. Katika mkutano wa wahandisi mjini Geneva, Claude Berrou, Alain Glavieux na Punya Thitimajshima walileta mchoro wa makosa walioupata kwa kompyuta. Walidai kwamba msimbo wao mpya hufikia kosa 1 katika biti 100,000 kwa nguvu isiyotimia mara moja na robo ya kelele, badala ya mara 9. Ulikuwa umeukaribia sana mpaka wa Shannon, uliotafutwa kwa miaka 45. Wengi hawakusadiki, walidhani pana kosa katika hesabu. Lakini waliokuwa na shaka walikwenda makwao, wakauiga msimbo huo katika kompyuta zao wenyewe, na mstari ukashuka pale pale.

Tena wakamkumbuka Robert Gallager, aliyebuni msimbo wa namna nyingine katika chuo cha MIT mwaka wa 1960. Kompyuta za wakati wake hazikuwa na nguvu ya kuujaribu sawasawa, ukasahauliwa kwa miaka 30 na zaidi. Ulipojaribiwa upya katika miaka ya 1990, ulionekana kuwa karibu sawa na ule wa akina Berrou. Msimbo wa Berrou uliingia katika simu za 3G na 4G. Katika 5G, habari hulindwa kwa misimbo ya jamii ile ya Gallager. Kwa hiyo barua itokayo Kisumu hata Mombasa kwa simu hizo hulindwa na kazi ya watu hawa.

Wahenga walisema kwamba kusikia si kuona. Wale waliotilia shaka mchoro wa mwaka 1993 hawastahili lawama, maana hawakukomea kwenye shaka, bali walipima. Nawe, mwanafunzi, ukiambiwa neno la ajabu, usilikubali upesi wala usilikatae upesi. Tafuta dadu yako, utupe, uhesabu.