Kodachrome: filamu iliyoisha muda mara mbili

Leo tuweke programu kando kidogo tuongee mambo ya kamera, ingawa mwishoni mtaona ni yale yale.

Majuzi nilikuwa namsaidia mjomba kuhama nyumba. Chini ya droo tukakuta mikanda miwili ya filamu ya slaidi. Mmoja ni Ektachrome, bado haujatumika. Wa pili ni Kodachrome 64, umepigiwa picha zote 36 lakini haukuwahi kusafishwa. Yote miwili tarehe yake ilipita miaka ya 1990. Mjomba akaniuliza, "Wewe mtu wa kompyuta, hizi bado zinafaa?" Nilidhani jibu ni moja. Kumbe ni mawili.

Tuanze na Ektachrome. Filamu ni chumvi za fedha na kemikali za rangi zilizopakwa juu ya plastiki, na joto na unyevu huziharibu polepole. Tarehe ya kwenye boksi ni ahadi ya kiwanda tu: mpaka hapa tunakuhakikishia rangi. Ikishapita, filamu huwa nzito kunasa mwanga, na kwa kuwa tabaka zake hazizeeki kwa mwendo mmoja, picha huegemea rangi fulani, pengine zambarau, pengine kijani. Weusi nao hufifia ukawa kama moshi. Kwenye negativu, fundi angerekebisha wakati wa kuchapa. Slaidi haina hatua hiyo: mkanda ule ule uliokuwa ndani ya kamera ndio unaotiwa kwenye projekta. Ukizidisha mwanga ili kufidia uzee, sehemu nyeupe zinapotea kabisa. Ndiyo maana wanaopenda kupiga picha kwa filamu kuukuu huuliza kwanza ilikaa wapi, ndani ya friji au juu ya kabati.

Hata hivyo mkanda huo una matumaini. Husafishwa kwa njia iitwayo E-6, iliyoanza 1976 na ingali inatumika. Kodak waliacha kutengeneza Ektachrome mwaka 2012, kisha wakairudisha sokoni 2018. Rangi zinaweza kutoka za ajabu, lakini kuna mahali pa kuzitoa.

Kodachrome ni hadithi nyingine. Ilivumbuliwa na wanamuziki wawili Wamarekani, Leopold Mannes aliyepiga piano na Leopold Godowsky Jr. aliyepiga fidla. Iliingia sokoni 1935 kama filamu ya sinema, na 1936 ikaja ya kamera za picha. Siri yake ni hii: ndani ya filamu hakuna kemikali za kuzaa rangi. Kuna tabaka za chumvi za fedha tu, kila moja ikinasa sehemu yake ya mwanga, nyekundu, kijani au buluu. Rangi zilitiwa wakati wa kusafisha, tabaka moja baada ya nyingine, kila moja kwa dawa yake. Kazi hiyo ilitaka mashine kubwa na watu wanaoijua kemia barabara. Huko Marekani, hadi 1954 bei ya filamu ilijumuisha gharama ya kusafishwa na Kodak wenyewe. Kesi ya serikali ndiyo iliyofungua mlango kwa maabara nyingine, ila hazikuwa nyingi, kwa sababu ya ugumu wenyewe.

Waandishi wa programu mmeshaelewa. Ni kama faili ambalo nusu ya habari zake imo kwenye diski, na nusu nyingine imo ndani ya programu ya kulifungua. Ajabu ni kwamba utaratibu huo huo ndio uliozipa slaidi za Kodachrome sifa ya kudumu. Zile za miaka ya 1940 zilizosafishwa na kuwekwa gizani bado zinang'aa.

Juni 2009 Kodak walitangaza mwisho wake. Mkanda wa mwisho kutoka kiwandani alipewa Steve McCurry, mpiga picha aliyetumia filamu hiyo hiyo kumpiga yule msichana Mwafghani wa jalada la National Geographic la 1985. Maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda tarehe 30 Desemba 2010. Hiyo ndiyo tarehe ya pili ya kuisha muda, na haikuandikwa kwenye boksi lolote.

Mkanda wa mjomba una picha za harusi ya wazazi wangu. Alikusudia kuutuma ng'ambo usafishwe, akaahirisha, maisha yakaendelea. Siku hiyo marehemu nyanya alivaa leso ambayo mjomba anaapa ilikuwa nyekundu, na mama anaapa ilikuwa ya rangi ya machungwa. Leo mkanda huo unaweza kusafishwa kama picha nyeusi na nyeupe tu. Tukibahatika tutaona uso wa nyanya na maua ya leso yake. Ubishi wa rangi utabaki pale pale.

Nimemwambia tuusafishe hivyo hivyo, amekubali. Nanyi mkirudi nyumbani fungueni droo za wazee. Mkanda ulioandikwa E-6 au C-41 bado una pa kwenda. Upelekeni kungali mapema.