Amani Iliyoanzia Sokoni: Wajir, 1993

Historia ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya imezoea kusimuliwa kwa misiba yake: vita vya Shifta baada ya uhuru, kisha mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, pale wanaume wa ukoo wa Wadegodia walipokusanywa na vikosi vya serikali kwenye kiwanja cha ndege na wengi wasirudi kwao. Mwaka 1993 hautajwi sana. Kwangu mimi, ndio mwaka ambao watoto wa shule wangepaswa kufundishwa kwanza.

Mambo mengi yalikutana wakati huo. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwaka 1991, bunduki na wakimbizi walivuka mpaka. Uchaguzi wa 1992 nao ukafanya kiti cha ubunge kionekane mali ya ukoo. Koo za Waajuran, Wadegodia na Waogaden zikaingia katika visasi visivyokwisha.

Uhasama huo ulifika hadi sokoni mjini Wajir. Wanawake waliozoea kukaa bega kwa bega wakaacha kuuziana, na wengine wakazuiwa hata kuingia. Ni hapo walipoanzia akina Dekha Ibrahim Abdi na Fatuma Abdikadir, pamoja na wenzao wachache wa koo mbalimbali. Dekha alisimulia jinsi usiku mmoja wa risasi alivyojificha chini ya kitanda na mtoto wake. Kulipokucha, mama yake akamwambia kwamba miaka ya sitini naye alijificha vivyo hivyo, Dekha akiwa mtoto mchanga. Vizazi vitatu, hofu ile ile.

Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, wanawake hawa waliulizana swali gumu kuliko yote: ukoo wangu ukiua ndugu zako, tutaendelea kukaa pamoja? Wakakubaliana kwamba wataendelea. Naliona hilo kuwa kubwa kuliko azimio lolote lililotiwa saini baadaye, kwa sababu lilitolewa wakati damu bado inamwagika na hakuna aliyekuwa na uhakika wa kesho. Kisha wakaunda kamati ya kulinda soko: anayebaguliwa aripoti, na jambo limalizwe papo hapo, mbele ya watu.

Soko lilipotulia, waliwaendea wazee. Kwa desturi ya Kisomali baraza la wazee ni la wanaume, hivyo njia ilihitaji busara. Mzee wa ukoo mdogo, ambao haukuwa na nguvu ya kumtisha yeyote, ndiye aliyekubali kuwaita wakubwa wa koo zilizokuwa zikipigana. Mazungumzo hayo yalizaa Azimio la Al Fatah la Septemba 1993. Likaja na wajibu: mifugo iliyoibwa irudishwe, silaha zisalimishwe, aliyeuawa alipiwe diya, yaani fidia ya damu. Vijana nao walifuatwa, kwani ndio waliokuwa wamebeba bunduki. Tukio lilipozuka porini, ujumbe wa wazee, viongozi wa dini, wanawake na maofisa wa usalama ulitumwa haraka kabla uvumi haujafika mbali. Mwaka 1995 juhudi hizi ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya mfumo wa serikali ya wilaya, jambo zito kwa watu waliokuwa bado na kumbukumbu ya Wagalla.

Mfano huo ulienea wilaya nyingine za wafugaji. Machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Dekha alikuwa Nairobi na kina Balozi Bethuel Kiplagat na Jenerali Lazaro Sumbeiywo, wakiwakutanisha wananchi wa pande zote kwenye Hoteli ya Serena. Mwaka huo huo wa 2007 alikuwa amepewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011, kutokana na ajali ya gari.

Diya yenyewe, hata hivyo, iliendelea kufuata kipimo cha zamani: mwanamume ngamia 100, mwanamke 50. Wanawake waliofungua mlango wa mazungumzo walibaki na thamani ya nusu katika sheria iliyotumika kuyatimiza, na mjadala kuhusu nusu hiyo haujafanyika hadharani kama ule wa 1993.