Mikono Yenye Rangi ya Nili

Tusomapo katika Matendo ya Mitume habari za Lidia wa Thiatira, aliyeuza rangi ya zambarau, twapenda kukumbuka jinsi alivyomkaribisha Paulo nyumbani mwake. Kazi yenyewe twaifikiria mara chache. Nguo haijitii rangi; yuko aliyechovya mikono. Leo tuwatazame akina mama wengine wa kazi hiyo, wa bara letu wenyewe, katika mji wa Abeokuta, Nigeria.

Mama hao Wayoruba walifanya kazi uani kwao. Walitwanga majani ya nili, wakayafinyanga madonge na kuyaanika, kisha wakayaloweka siku kadhaa katika vyungu vikubwa, pamoja na maji yaliyochujwa kwenye majivu. Nguo nyeupe ya pamba, iliyotoka viwandani Uingereza, waliifunga mafundo kwa nyuzi, au waliichora kwa unyoya wa kuku uliochovywa katika uji mzito wa muhogo. Palipofungwa au kupakwa uji, rangi haikuingia. Nguo itokapo chunguni huwa ya kijani. Ikipigwa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho yako! Wao huiita adire, yaani kufunga na kutia rangi.

Katika miaka ya 1920 biashara ilistawi, na wanunuzi walikuja hata kutoka Senegali. Ndipo ikaingia nili ya kiwandani, pamoja na kostiki soda, ile ipikiwayo sabuni. Kazi ya siku nyingi ikawa fupi. Lakini kostiki huunguza ngozi, na asiyejua kuipima huharibu nguo. Soko lilipoanguka, wenye kulaumiwa wakawa mama hao: eti wameiharibu kazi ya mama zao. Mfalme wa mji, Alake Ademola wa Pili, akapiga marufuku vitu hivyo vya kiwandani. Watia rangi wakapinga, hata mwaka 1936 tume ikaundwa kuchunguza jambo hilo.

Nguo mbovu zilikuwako, hatukatai. Lakini tangu mwaka 1929 dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya fedha. Bei ya kakao ilishuka, na mkulima hakuwa na senti ya kununulia nguo mpya. Tena mama wengi walichukua nguo nyeupe kwa mkopo kutoka maduka ya Wazungu. Mwenye deni angengojaje chungu cha majivu kiive juma zima? Sisi wachungaji tumeketi katika mabaraza mengi, na twajua ni rahisi kumwonya mama wa namna hiyo kuliko kumwuliza anadaiwa kiasi gani.

Nili ya kiwandani haikuondoka. Katika soko la Itoku, mjini Abeokuta, adire ingali inauzwa, ya buluu na ya rangi nyingine nyingi ambazo mama wale wa kwanza hawakuwa nazo chunguni.