Habari za Kuandika Maisha ya Mtu kwa Mkono Wake

Mtambile ni mji wa kusini mwa kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Mkoani, kando ya njia kuu itokayo bandarini Mkoani kwenda Chake Chake. Wenyeji wa huko tangu zamani hutegemea shamba, na zao lijulikanalo kuliko yote ni karafuu. Katika nchi hiyo kalamu si kitu kigeni. Kabla skuli za serikali hazijaja, watoto walikwisha kujifunza herufi za Kiarabu chuoni, na wakubwa waliandikiana barua, hati za mashamba, wasia, hesabu za madeni, na mashairi. Walakini mtu akizipitia aina zote hizo za maandiko ya kale, ataona kuwa moja ni adimu sana: mtu kukaa kitako na kuandika kwa mfululizo, nilizaliwa mahali fulani, nikapatwa na haya, nikatenda haya.

Hata mafundi wa maneno waliosifiwa Pemba, Kamange na Sarahani, waliacha mashairi. Na mashairi yao yalikaa katika mikono na vichwa vya watu miaka mingi, mpaka yalipokusanywa na kupigwa chapa kitabuni mwaka 2011. Sababu si uhaba wa wino. Adabu ya pwani haimpendi mtu wa kujisema mwenyewe. Twaambiwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena yako mambo ambayo mtu huyafunika kwa hekima, asije akawaaibisha walio hai wala waliokufa.

Siku hizi mwalimu aweza kutakiwa kuwafundisha wanafunzi wake, au kuwasaidia wazee wa mji, kuandika habari za maisha yao. Kazi ni njema, lakini si nyepesi. Kwa hiyo twaona yafaa tuwatazame kwanza waliotutangulia katika nchi hizi za Waswahili, tuone kila mmoja alianzaje. Katika kuwatazama tumegundua jambo moja: hakuna aandikaye maisha yake hewani. Kila aliyeandika alikuwa akimjibu mtu, na yule aliyejibiwa ndiye aliyeamua, kwa kujua au kwa kutojua, ni yapi yaandikwe na ni yapi yaachwe.

Tuanze na Kiungani, katika kisiwa cha Unguja. Hapo misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na skuli ya wavulana, na wengi wao walikuwa wametolewa utumwani, wakiokolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha habari zao, zilizoandikwa na wavulana wenyewe. Wanaeleza makwao, kukamatwa kwao, safari ya kushuka pwani, na kuokolewa. Asomaye habari hizo hawezi kuzisahau. Lakini na tutazame pia mambo mawili. La kwanza, walioandika walikuwa watoto wa skuli, na aliyetaka habari alikuwa mwalimu wao. Basi njia ya hadithi ilikwisha kuchorwa, nayo ni kutoka gizani kuja skuli. La pili, kitabu kilichapwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza. Sauti zao zilivuka bahari, na maneno yenyewe waliyoyasema hayamo kitabuni.

Wa pili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humwita Tippu Tip. Mtu huyu hakuwa mtoto wa skuli. Alikuwa tajiri mwenye bunduki na misafara, aliyefika Manyema na mto Kongo. Katika uzee wake, Dr. Heinrich Brode, Mjerumani, alimwomba aandike habari zake. Akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, naye Brode akazigeuza kuwa herufi za Kirumi na kuzichapa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo Kiswahili chake kimebaki, na hiyo ni bahati kubwa kwa lugha yetu. Mzee yule anaanza na umri wa miaka 12, alipoanza safari za karibu za kuchukua sandarusi. Na tangu hapo ni pembe, madeni, vita na njia. Mgeni aliyemwuliza alitaka kujua safari na biashara, naye akajibu alivyoulizwa. Wale waliochukua pembe zile mabegani ni wengi katika hadithi, lakini hawasemi neno. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905.

Sasa twende Pemba yenyewe. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa; tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zikatoka Pemba, na kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Lakini amri ile haikumfungua kila mtu siku ile. Aliyetaka uhuru ilimpasa kwenda kuuomba mbele ya hakimu, na kuonyesha kuwa anapo pa kukaa na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Fikirini, ndugu wasomaji: kwa wengi waliokwenda, huenda ile ikawa mara ya kwanza na ya mwisho habari zao kutiwa katika karatasi. Naye aliyeuliza alikuwa mwenye cheo, na maswali yake yalikuwa machache. Kicheko cha mtu, wimbo alioupenda, jina alilopewa na mama yake, hakimu hakuwa na haja navyo.

Wako waliomjibu mtu mwingine. Salme binti Said, bintiye Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa nyumba yake walifundishwa kusoma, si kuandika. Naye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani katika mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyi biashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1870 akawa mjane katika nchi ya ugeni. Kitabu chake kilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, lakini alikuwa amekianza kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua mama yao alitoka wapi. Basi tazameni tofauti: twasoma juu ya vyumba, nguo, vyakula, magonjwa, ugomvi wa ndugu, na siku za kufiwa. Mtoto huuliza mambo ambayo konsuli hayaulizi. Hata hivyo hatuwezi kumfuata katika kila neno, maana aliutetea utumwa wa nyumba ya baba yake. Upendo wa mwana kwa kwao waweza kumfumba macho.

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliandika Maisha Yangu kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili. Humo mna kazi, na nyumba, na msiba wa mke wake; na katikati ameweka tenzi mbili za wosia, Hati kwa bintiye na Adili kwa mwanawe. Hapo ndipo adabu ya kale na kazi mpya zilipopatana. Aliyeona haya kujisifu alipata ruhusa ya kusema alipokuwa akiwausia wanawe.

Petro Kilekwa naye atufundisha jambo la wakati. Alikuwa mtoto wa Kibisa, akachukuliwa utumwani, akaokolewa baharini, akasoma Kiungani, akawa padre. Habari zake aliziandika kwa Kichinyanja, zikachapwa kwa Kiingereza mwaka 1937. Wale wavulana wa 1887 waliandika jeraha likiwa bichi. Yeye aliandika akiwa mzee, ameona mwisho wa njia. Hatusemi kuwa moja ni bora kuliko nyingine. Twasema ni maandiko mawili mbalimbali, hata kama tukio ni lile lile, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi mwalimu wa Mtambile afanyeje? Kwanza, asiseme, “Andika maisha yako,” akanyamaza, wala asitoe orodha ya maswali yake mwenyewe. Amwulize mwandishi, “Unamwandikia nani?” Akijibu kuwa anamwandikia mjukuu, basi mjukuu huyo na aje, aketi, aulize. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtoto wa nyumba ajua pa kuchota.

Pili, asimlazimishe mzee kukumbuka miaka kwa tarakimu. Mkulima huhesabu kwa misimu ya karafuu, kwa ndoa, kwa njaa na kwa mvua. Mwalimu aweza kumpa vigingi vichache vya kufungia kamba, kama Mapinduzi ya 12 Januari 1964, au Januari 2001, watu walipouawa kwa risasi katika maandamano kisiwani Pemba. Lakini kigingi si amri. Asiyetaka kukisema kitu aachiwe, na nafasi ibaki wazi katika karatasi.

Tatu, lugha ya msemaji ihifadhiwe. Kama mzee anasema Kipemba, kiandikwe Kipemba. Tumeona habari za wavulana wa Kiungani zilivyopoteza maneno yao, na za Tippu Tip zilivyoyahifadhi. Na asiyejua kuandika asihesabiwe kuwa hana habari. Wanawake watatu wa Mombasa walisimulia maisha yao kwa vinasa sauti, wakiulizwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Habari hizo zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na Kiswahili chao chenyewe kikachapwa mwaka 1991. Humo wenye asili mbalimbali, ya watumwa na ya waungwana, wanasema kila mmoja kwa kinywa chake, katika mji mmoja.

Hapo tumefika penye neno zito kuliko yote. Katika Pemba, kama katika pwani nzima, asili ya mtu yaweza kuwa jambo la kuumiza hata leo, na mashamba yale yale yaliwalisha wajukuu wa bwana na wajukuu wa mtumwa. Mwandishi ana haki ya kueleza asili yake. Asili ya jirani si mali yake. Mwalimu akiona katika daftari la mwanafunzi kuwa jirani ametajwa kuwa mzalia, na amwite mwanafunzi faraghani, amweleze kuwa jina hilo lafaa kuondolewa, ila mwenyewe akitoa idhini. Ikiwa mwenyewe ataka kusema, na apewe kalamu yake.

Mwisho, daftari likiisha lisichukuliwe kwanza kabatini kwa mwalimu wala kwa mgeni. Lirudi nyumbani, lisomwe kwa sauti mbele ya yule aliyeandikiwa; naye akiuliza jambo lililosahauliwa, kurasa ziongezwe.